Mama Kaunta alipokwenda likizo ya uzazi, wasichana nao wakatoweka maktabani

#1 Mkutubi_wa_Mpakani

Habarini wana jamvi. Mimi ni mkutubi katika maktaba ya umma, mji mmoja wa mpakani hapa Uganda. Ukivuka barabara uko Kenya. Mji sitautaja, bosi wangu naye anapita humu. Nina miaka kumi na mmoja kwenye kazi hii na kuna jambo linaloniwasha tangu mwaka jana.

Pale kazini tuko watatu: mimi, msaidizi wangu wa kike ambaye wasomaji wamembandika jina la Mama Kaunta, na askari wa mlangoni. Mama Kaunta alijifungua, akapewa likizo yake ya siku 60 za kazi kama Sheria ya Ajira ya 2006 inavyotaka. (Mimi mke wangu akijifungua napewa nne. Nne! Kitovu cha mtoto hakijakauka umesharudi kazini.) Hakuletwa mtu wa kushika nafasi yake, basi nikakaa kaunta mwenyewe. Nikajiambia, kugonga mhuri ni kazi gani.

Wiki ya kwanza ikapita vizuri. Mwisho wa mwezi najumlisha daftari la wanaoingia nitume ripoti, nikashtuka. Wanaume wako palepale, wavulana palepale. Wasichana wa sekondari karibu hakuna. Siku za soko huwa wanajaa kwetu wakisubiri mama zao wafunge biashara. Sasa naona watatu, wawili, siku nyingine daftari limelala. Nikadhani ni mitihani. Haikuwa mitihani. Nikadhani ni mvua, mvua ikakatika, na bado.

Ikabidi nimuulize binti mmoja wa jirani, yuko S3 (kidato cha tatu), ananiita mjomba. Akacheka macho chini: "Mjomba, sasa wewe nitakuombaje kile kitabu?" Kitabu gani? Kimya. Mama Kaunta ndiye aliyenifungua macho kwa simu, mtoto analia nyuma yake. Kuna vitabu vya mwili, hedhi, mimba na magonjwa ambavyo mimi mwenyewe, miaka ile, niliviweka nyuma ya kaunta kwa sababu vilikuwa vinachanwa kurasa. Anayekitaka aombe. Kwake yeye wanaomba kwa jicho tu, anaelewa, anampa mtu kimefunikwa na gazeti. Kwangu, mzee mwenye ndevu anayesali msikiti mmoja na baba zao, nani ataomba?

Na hao wasichana hawakuwa wanakuja kwa kitabu hicho peke yake. Walikuwa wakikaa, wakifanya hesabu, wakisoma riwaya. Mlango mmoja ukifungwa wakaondoka wote.

Sasa nauliza: kwenu nani anakaa kaunta, na nani ana funguo za ofisi? Mikutano ya wakutubi wa wilaya niliyohudhuria, wenye cheo cha "mkutubi" naona ni sisi wanaume, na wanawake wengi ni "wasaidizi". Lakini ukipanda juu kabisa mambo yanageuka. Maktaba ya Taifa, iliyoundwa kwa sheria ya 2003, miaka yake ya mwanzo iliongozwa na Gertrude Kayaga Mulindwa. Chuo Kikuu cha Makerere, maktaba kuu ilikuwa chini ya Profesa Maria Musoke kwa takriban miaka kumi kuanzia 2004, na aliyempokea ni mwanamke pia, Dk. Helen Byamugisha. Juu wanawake, chini wanawake, katikati kwenye bajeti tumejazana sisi. Kama rolex, ile chapati yetu ya kuviringishia mayai: chapati huku na huku, sisi ndio mayai.

#2 Boda_wa_Arua

Mkutubi umeandika vizuri, lakini banange, vitabu vyenyewe viko? Maktaba niliyosomea mimi ilikuwa na vitabu vya msaada kutoka Ulaya. Namna ya kupogoa waridi. Ramani yenye Yugoslavia. Kitabu cha kuteleza kwenye theluji, huku Arua! Wewe unahesabu sketi na suruali mlangoni. Weka malaika kaunta, kama rafu ni ya waridi na theluji hatarudi mtu.

#3 Bint_Bombo

@Boda_wa_Arua kaka, hiyo sketi unayoicheka ndiyo inayojua kitabu kiko rafu gani.

Mimi nimeisomea kazi hii. Shule ya ukutubi pale Makerere ilifunguliwa 1963 ihudumie Afrika Mashariki yote, na jina la Afrika Mashariki inalo mpaka leo. Niliingia kwa ile pointi moja na nusu. Wasiojua: tangu 1990 msichana anayeomba chuo kikuu cha umma huongezewa pointi 1.5. Nyumbani kaka zangu waliniita "aliyebebwa". Sawa, nilibebwa mpaka getini. Mitihani ya ndani niliifanya kwa miguu yangu. Na ukutubi sikuuomba. Niliomba sheria, nikapangiwa vitabu.

Darasani tulikuwa karibu sawa kwa sawa, wavulana na wasichana. Hadithi iko kwenye walikoishia. Wenzangu wa kiume wengi walienda benki, kwenye masjala za mashirika, kwenye kompyuta, na huko wanaitwa mameneja wa taarifa. Sisi tukatawanyika kwenye shule za sekondari, mmoja mmoja, chumba kimoja chenye vumbi, mshahara unatoka kwenye mfuko wa wazazi, na mwalimu wa zamu asipofika unaitwa wewe ukanyamazishe darasa.

Usaili mmoja sitausahau. Mzee mmoja wa jopo aliniuliza kama nitaweza kubeba maboksi. Aliyeingia baada yangu, mvulana wa darasa letu, akaulizwa kuhusu programu ya Koha ya kuorodhesha vitabu. Yeye ndiye aliyenisimulia tukiwa stendi. Na Koha mimi ndiye niliyemfundisha, usiku wa kuamkia mtihani!

Kwa hiyo mkutubi, hesabu yako ya juu na chini naikubali, lakini chimba upande wa pesa. Mwaka 2022 walimu wa sayansi wenye digrii walipandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, wa sanaa wakagoma. Sisi hata tukigoma nani atajua? Maktaba ni mahali pa kimya.

#4 Mwalimu_Mstaafu

Wanangu, salaam.

Nimesoma mpaka hapa nikaona niongeze kidogo kwa sababu mnazungumza kana kwamba maktaba hizi zilianza juzi. Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Wakati huo kulikuwa na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoanzishwa 1948, na moja ya kazi zake ilikuwa kuwafikishia watu vitabu vya kuazima, kwa masanduku na kwa posta. Sanduku la mbao likifika kwetu lilikuwa kama harusi. Mlinzi wake alikuwa baba, na ufunguo aliuvaa shingoni pamoja na msalaba. Mama yangu, aliyejua kusoma vizuri kuliko majirani wote, alisoma vitabu hivyo baba akiwa shuleni. Ufunguo alikuwa akiuchukua baba akioga. Haya nimeyajua baba alipokwisha kuzikwa.

Uhuru ulipokuja, Uganda ikatunga Sheria ya Maktaba za Umma ya 1964, Bodi ikaundwa, matawi yakafunguliwa mijini. Bodi iliendesha kila kitu kutoka Kampala. Kisha ikaja sheria ya serikali za mitaa ya 1997, na maktaba zikakabidhiwa wilaya na miji. Hapo ndipo nyuzi zilipokatika. Mkutubi akawa mtumishi wa wilaya, anaomba fedha kwenye kikao kimoja na mtu wa barabara, mtu wa zahanati na mtu wa visima. Diwani gani atapiga kura kisima kisichimbwe ili rafu inunuliwe? Mwaka 2003 Maktaba ya Taifa ikaichukua nafasi ya Bodi. Ikapewa kazi ya kushauri, kukusanya kila kinachochapishwa nchini, kusaidia vitabu na mafunzo. Lakini mshahara wa huyo Mama Kaunta hautoki huko.

Kwa hiyo ukitafuta mwanamke atakaa wapi, mtafute kwanza kwenye kikao cha bajeti. Theluthi ya madiwani ni wanawake kwa mujibu wa katiba ya 1995. Je, mmewahi kumwendea hata mmoja?

#5 Mkutubi_wa_Mpakani

Shikamoo mzee. Hilo la ufunguo shingoni limeniua. Hapana, sijawahi kumwendea hata mmoja. Naandika barua kwa katibu tawala wa wilaya kama nilivyofundishwa, barua inajibiwa na kimya.

#6 Msomaji_Kamwokya

Mimi nataka kumwaga maji kidogo kwenye moto huu. Msije mkadhani wanawake wakijaa kaunta ndiyo usawa umefika. Marekani walishapita huko. Yule Melvil Dewey, mwenye namba zilizobandikwa kwenye migongo ya vitabu vyenu, alifungua shule ya kwanza ya ukutubi kule Columbia, New York, mwaka 1887. Wanafunzi 20, wanawake 17. Watu wakampigia makofi kuwa mkombozi. Lakini hesabu iliyokuwa nyuma yake ni kwamba mwanamke msomi wa wakati ule hakuwa na pa kwenda, na alikubali mshahara mdogo. Na Dewey huyohuyo alikuja kulalamikiwa na wanawake wa taaluma yake kwa kuwashikashika. Mwaka 2019 chama cha maktaba cha kwao kiliondoa jina lake kwenye nishani yao kubwa.

Leo wakutubi wa Marekani takriban wanne kati ya watano ni wanawake. Lakini maktaba yao ya Bunge, yenye mkuu wake tangu 1802, ilipata mwanamke wa kwanza 2016, Carla Hayden. Waliomtangulia kumi na watatu ni wanaume.

Yaani sisi Uganda kileleni tumewatangulia! Lakini kaunta tunaielekea njia yao, kazi ikionekana ya kike mshahara unalala. Bint_Bombo ameshasema.

Jambo dogo la pembeni: hapa Kamwokya wako FEMRITE, chama cha waandishi wanawake, tangu 1995. Wana chumba cha vitabu, na jioni za Jumatatu watu hukaa kusomeana maandishi, wanaume kwa wanawake. Mara ya kwanza nilikwenda nikidhani nitafukuzwa. Nilipewa chai.

#7 Boda_wa_Arua

Sawa, nimerudi, na sijaja kucheka.

Nina binti. Shule zilipofungwa Machi 2020 alikuwa S2. Zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022. Karibu miaka miwili, hakuna nchi duniani iliyofunga zaidi yetu. Redio ilikuwa inafundisha, lakini betri? Simu ni moja na ni ya kazi, mteja akipiga niko nayo. Na hiyo intaneti yenyewe: kwanza walituwekea ile shilingi 200 kwa siku ya mitandao mwaka 2018, halafu 2021 wakaigeuza kuwa kodi ya asilimia 12 kwenye data. Binti alikuwa anasoma gazeti lililofungiwa sukari. Nasema kweli. Alikuwa akinikataza kutupa karatasi za dukani.

Marafiki zake wawili hawakurudi shule. Wana watoto sasa.

Mkutubi, kitabu chako cha nyuma ya kaunta, kama wale wawili wangekipata... sijui. Pengine kisingebadilisha kitu. Lakini mama zao hawakuwaambia neno, na sisi baba zao ndiyo kabisa. Naondoa maneno yangu ya sketi. Ya waridi na theluji nayabakiza.

#8 Bint_Bombo

Yabakize kaka, ni ya kweli. Mimi nimeshapokea kontena la msaada lenye vitabu vya kodi ya mapato ya nchi nyingine, vya mwaka ambao hata kwao umeshafutika.

#9 Mganda_wa_Masaka

Kuna mfano haujatajwa na uko kwetu. Kitengesa, nje kidogo ya mji wa Masaka. Ilianza 1999 ikiwa boksi la vitabu pale shule ya sekondari. Aliyeanzisha pamoja na mkuu wa shule ni Kate Parry, mwalimu wa chuo kimoja cha New York. Baadaye likajengwa jengo, likawekwa umeme wa jua wakati kijiji hakina nguzo hata moja. Lakini nisichokisahau mimi ni mpango wao wa wanafunzi: mtoto anafanya kazi ya maktaba saa kadhaa kwa wiki, anaazimisha, anapanga, anawasomea wadogo, na malipo yake ni karo ya shule. Wavulana na wasichana pamoja.

Fikiria msichana wa S4 ndiye mwenye mhuri, na mzee wa kijiji anasimama mbele yake anasubiri aandikiwe jina. Nimeliona kwa macho yangu. Mzee alivua kofia!

Maktaba za namna hiyo zikaunda chama chao mwaka 2007. Hazingoji bajeti ya wilaya. Tatizo lake ni kwamba mfadhili akichoka, na wewe umechoka.

#10 Mama_Soko_Kasese

Mimi nauza nguo za mitumba na samaki mkavu. Sijawahi kuingia maktaba hata siku moja na nimesoma uzi huu wote nikisubiri wateja, sasa mniruhusu.

Mnazungumza nani anakaa kaunta. Mimi kaunta sijaifikia. Ninaamka saa kumi usiku. Saa kumi na mbili asubuhi niko sokoni. Maktaba ya mjini inafunguliwa saa mbili na nusu, inafungwa saa kumi na moja jioni, Jumamosi na Jumapili kufuli. Nitaingia saa ngapi? Hizo saa ni za mwanamume mwenye ofisi au mtoto wa shule aliyetoroka. Halafu mgongoni nina mtoto. Siku moja nilisimama mlangoni kuuliza, askari akaniambia "mama, watoto hapana, wanapiga kelele". Nikaondoka na mtoto wangu na kelele zake.

Na choo? Mnacho? Cha wanawake, chenye mlango unaofungika? Hilo nalo wanaume hamliandiki kwenye ripoti.

Kitu cha mwisho, lugha. Mimi nilisoma mpaka la saba, Kiingereza kilinikataa. Kiswahili nakisoma vizuri, nimejifunza kwa kufanya biashara na Wakongo. Serikali inatuambia Kiswahili ni lugha rasmi ya pili, ni lazima shuleni. Vitabu vyake viko wapi nikisome?

#11 Mkutubi_wa_Mpakani

Mama Soko, umenipiga kofi mara tatu na yote nayastahili.

Nianze na lugha kwa sababu inaniuma kila wiki. Katiba ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Mimi siku ile nilifurahi nikafuta rafu moja vumbi, nikabandika karatasi: KISWAHILI. Leo rafu hiyo ina Biblia mbili, kamusi isiyo na herufi A mpaka Ch, vitabu vya darasa la nne vya Tanzania alivyoviacha dereva wa lori, na mashairi ambayo mimi ndiye ninayeyaazima.

Na wanaokuja kuiuliza rafu hiyo ni wanawake. Wake wa askari, maana Kiswahili kambini ndiyo lugha ya nyumbani. Wanawake wa biashara wanaovuka mpaka wenye karatasi za forodha. Wakimbizi kutoka Kongo. Wanaume wa mji huu wakija wanataka gazeti na chaja ya simu. Mwanamke akija na Kiswahili chake anataka kitu: dawa ya kuku, mkataba wa mkopo unaosema nini, barua ya shule. Mara nyingi tunaishia kumsomea. Mama Kaunta husoma kwa sauti ya chini, anatafsiri palepale, na foleni inasubiri. Kwenye ripoti ya mwezi kazi hiyo haina safu. Kitabu hakijaazimwa, kompyuta haikuguswa, kwa hiyo hakuna kilichofanyika!

La choo: tunacho kimoja, cha wote, na kitasa kimekufa. Sina la kujitetea.

#12 Bint_Bombo

@Mama_Soko_Kasese dada, unalosema lilishafanyiwa kazi, karibu na kwetu. Nakaseke, jirani ya Luwero. Mwisho wa miaka ya 1990 waliweka kituo cha mawasiliano cha kijiji, maktaba ya umma ikiwa ndani yake: vitabu, simu, kompyuta chini ya paa moja. Watu walidhani kompyuta zitakuwa za vijana wa kiume. Halafu kama 2001 ikaletwa sidii moja ya wanawake wa vijijini, mawazo ya kupata pesa, inazungumza kwa sauti, unabofya picha. Asiyejua kusoma anatumia. Kuna bibi wa zaidi ya miaka 70, mkulima, aliishika ile mausi akawa anafundisha wenzake. Alizungumziwa mpaka nje ya nchi.

Bibi yule kilichomwingiza ni kwamba kitu kilikuwa kwa lugha yake, na kilihusu kuku na mahindi yake. Na hakukuwa na askari wa kumwambia anapiga kelele.

Shangazi yangu alikwenda kuangalia, akarudi anasema, "Ile mashine haina adabu, inaongea hujaiamkia."

#13 Afande_Mstaafu

Nasoma tu. Lakini mkutubi, kwa nini unalaumu wanaume wote? Mimi nilipokuwa kituoni kaskazini nilijenga maktaba ndogo na vijana wangu, wake zetu wakaiendesha. Bila sisi kupiga matofali ingekuwepo?

#14 Bint_Bombo

Afande, nakuheshimu. Waliendesha wakilipwa?

#15 Afande_Mstaafu

Ilikuwa kujitolea.

#16 Bint_Bombo

Haya.

#17 Msomaji_Kamwokya

😂😂 Afande kapigwa risasi moja tu.

Tuwe wa haki lakini. Kuna upande mwingine haujasemwa: wavulana. Hema za kusomea zinapotembezwa shuleni, zile za mikeka na vitabu vya hadithi, anayewasomea watoto mara nyingi ni mwalimu wa kike. Watoto wadogo wote wanakaa. Wavulana wakifika darasa la sita wanasimama pembeni, wanasema hadithi ni za wasichana. Nimeona shule moja hema likisomewa na baba mmoja fundi wa baiskeli, mikono ina grisi, na wale wakubwa wakasogea. Kwa hiyo kaunta ya wanawake watupu nayo ina wanaoikwepa.

#18 Mwalimu_Mstaafu

Hilo nalikubali kwa miaka yangu 38 ya chaki. Wekeni wote wawili. Na yule msaidizi asibaki msaidizi. Mkutubi, huyo Mama Kaunta ana cheti gani?

#19 Mkutubi_wa_Mpakani

Cheti cha miezi tisa, mzee. Stashahada ndiyo inayotakiwa apande cheo, na miaka yote sijawahi kumuuliza kama anaitaka. Nilijisemea ana watoto.

Nimekaa na uzi huu siku nne. Acha niseme nilichokifanya, kidogo tu.

Kwanza nilimfuata diwani mwanamke wa tarafa yetu, si kwa barua, nilikwenda dukani kwake. Kumbe hakujua kwamba maktaba ni ya wilaya. Alidhani ni ya Wazungu. Akaja akaona choo. Hakuahidi fedha. Alisema kitasa atakinunua yeye, na kweli kimekuja, kinafungika. Kikao cha bajeti anasema nimwandikie hoja moja tu, isizidi karatasi, kwa maneno ambayo mtu wa visima ataelewa. Naiandika. Ni ngumu kuliko ripoti zangu zote.

Pili, saa. Nimeomba tufungue Jumamosi na tufunge Jumatatu, ambayo haina watu hata hivyo. Nimejibiwa kwa mdomo, "jaribuni tuone". Siku ya soko tunakaa mpaka saa moja jioni. Askari nimemwambia watoto ndiyo, kelele kiasi. Ameguna.

Tatu, vile vitabu. Vile vya namba 612 na 613, yaani vya mwili na afya, nimevitoa nyuma ya kaunta. Nimevipanga kwenye rafu ya pembe, nyuma ya vitabu vya watoto, pale ambapo ukikaa mimi sikuoni wala askari hakuoni. Vichanwe, nitabandika. Hakuna haja ya kuomba mtu.

#20 Boda_wa_Arua

Wasichana wamerudi?

#21 Mkutubi_wa_Mpakani

Kwenye daftari bado wachache. Lakini Alhamisi asubuhi nimekuta vitabu viwili vya rafu ile vimerudishwa kichwa chini miguu juu. Kuna mtu alikuwepo.

#22 Mama_Soko_Kasese

Nina dada yangu huko kwenu, anauza ndizi karibu na forodha. Jumamosi mnafungua saa ngapi nimwambie?

#23 Mkutubi_wa_Mpakani

Saa tatu asubuhi. Aje na mtoto. Kadi ni picha moja na barua ya mwenyekiti wa kijiji. Kusoma palepale haihitaji kadi. Atanikuta mimi kaunta, amzoee mzee mwenye ndevu, kwa sababu Mama Kaunta Jumamosi yuko darasani. Ameanza stashahada.